Nilivyomtafuta Mshika Amana Houston

(Maelezo aliyoyatoa mwanachama wetu anayeishi Houston, Texas, katika mkutano wa mwaka wa wahitimu.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wastaafu mlioketi mbele, wenzangu wa kidato cha nne 1984, na wadogo zetu mliotufuata:

Katibu aliponiandikia barua aliniomba nizungumze dakika ishirini juu ya maisha ya ughaibuni. Nimemwomba radhi. Maisha ya ughaibuni mmekwisha kuyasikia ya kutosha, na mengi yametiwa chumvi. Mimi nina jambo moja tu la kueleza, nalo ni deni. Mwaka 2019 wenzangu watano wa darasa letu walinitumia dola 1,000 kila mmoja ili tushirikiane katika biashara ya nyumba kule Houston. Wanne wamo humu ukumbini. Fedha zile zilipotea mikononi mwangu. Wanne hao nimekwisha kuwarudishia, lakini sijawaeleza zilikwendaje, na najua kwamba pembeni watu wamekuwa wakieleza kwa niaba yangu. (Kicheko.)

Mnakumbuka biashara za bwenini. Mmoja ana shati la kuvaa Jumamosi ya kwenda mjini, mwingine ana nusu mkate na sukari aliyoletewa na shangazi yake. Hakuna aliyemwamini mwenzake kiasi cha kutangulia kutoa. Basi shati na mkate vyote vilipelekwa kwa kiranja wa bweni, naye alikaa navyo mpaka kila upande umeridhika, ndipo akavigawa; na kabla ya kuugawa mkate alikata kipande chake. Kiranja huyo Wamarekani wamemfanyia ofisi yenye viyoyozi, wakampa leseni, na kazi yake wakaiita eskro. Mimi nitasema amana, na mwenye kuishika nitamwita mshika amana. Katika Texas kazi hiyo hufanywa na kampuni za hati, yaani kampuni ambazo huchunguza kwanza kama nyumba ni ya anayeiuza, huuza bima ya hati hiyo, na siku ya mwisho hupokea fedha na kuzigawa.

Sasa niseme biashara yenyewe. Mimi kazi yangu ni udereva wa lori la vyakula. Mwezi wa Agosti 2017 kimbunga Harvey kilitufurisha Houston, na baada ya maji kutoka, nguzo za barabarani zilijaa vibao vya watu wanaotaka kununua nyumba kwa fedha taslimu. Nikauliza. Nikaambiwa kwamba wengi wa wenye vibao hivyo hawana fedha za kununua hata banda la kuku. Wao humtafuta mwenye nyumba aliyechoka nayo, ana deni la kodi ya nyumba au ameachiwa urithi asioutaka, wakaandikiana naye mkataba kwa bei ya chini. Kisha, kabla siku za mkataba hazijakwisha, wakamtafuta fundi au tajiri mdogo wa kuinunua kwa bei ya juu kidogo. Kwetu tungesema ni dalali aliyeweka cha juu. Tofauti ni kwamba dalali wa kule huwa ameshika mkataba wa kununua, naye ana haki juu ya mkataba huo.

Njia za kumaliza shughuli hiyo ni mbili. Ya kwanza ni kuuza mkataba wenyewe: mnunuzi anaingia mahali pako, nawe unalipwa ujira wako siku ya kukamilisha. Ni njia rahisi na nafuu, ila ujira wako unaandikwa katika karatasi ya hesabu, na kwa kawaida wote wawili wanauona. Njia ya pili ni mauzo mawili ya siku moja. Saa nne asubuhi mwenye nyumba anakuuzia wewe, hati inakuwa yako. Saa sita mchana wewe unamuuzia mnunuzi wako. Karatasi za hesabu ni mbili, na kila mtu anaiona ya kwake tu.

Mimi nilichagua njia ya pili. Wenzangu niliwaambia ni kwa sababu mnunuzi anataka hati kutoka kwa mwenye nyumba, hataki mkataba. Hilo lilikuwa kweli. Lakini ilikuwapo sababu nyingine ambayo sikuwaambia, na leo naitoa hadharani: sikutaka mwenye nyumba aione faida yangu.

Mwenye nyumba alikuwa mzee mmoja wa Acres Homes, upande wa kaskazini magharibi mwa jiji, mjane, fundi wa reli aliyestaafu. Nyumba ya mbao, ya vyumba vitatu, paa bovu, na kodi ya miaka miwili haijalipwa. Tulikubaliana dola 68,000, siku 45. Mnunuzi wangu alikuwa tayari kutoa 84,000. Cha juu kilikuwa dola 16,000, na usiku nilikuwa nikizigawa kitandani mara sita, mafungu matano yenu na moja langu, jinsi tulivyogawana viazi bwaloni.

Nikapiga simu kampuni moja ya hati. Jina lake silitaji, maana mwishowe mtaona kwamba kosa halikuwa lao. Aliyepokea ni msichana wa mapokezi. Nikamwuliza kama wanafanya mauzo mawili ya siku moja. Akajibu, "Ndiyo, kila wiki." Nikaandika katika daftari langu: wanafanya. Nikapeleka arbuni dola 4,000, fedha zenu, na ile elfu moja iliyobaki ikaenda katika ada na ukaguzi wa nyumba.

Wachunguzi wa hati wakaanza kazi. Nyumba ilikuwa imenunuliwa wakati wa ndoa, na mke alifariki bila wosia. Kwa sheria ya Texas, mali ya namna hiyo humwendea yote mwenzi aliyebaki, iwapo watoto wote wa marehemu ni wa hao wawili. Huyu mama alikuwa na kijana wa kabla ya ndoa. Kwa hiyo nusu yake ya nyumba ilikuwa imewaangukia watoto wake, na kijana mwenyewe alikuwa Louisiana, hajazungumza na baba yake wa kambo kwa miaka. Mwezi mzima ulikwenda kwa simu na viapo vya urithi. Nilisafiri kwa lori hadi Baton Rouge siku yangu ya mapumziko nikamwona, akatia sahihi mbele ya mthibitishaji. Nilirudi nikiimba. Nilidhani nimekwisha kuvuka mto.

Siku ya kukamilisha ilikuwa Jumanne. Ofisa wa amana, mama mtu mzima mwenye miwani, alifungua majalada mawili mezani akaniuliza: "Fedha zako za kununulia ziko wapi?" Nikamwonyesha jalada la pili. Nikasema mnunuzi wangu amekwisha kuleta 84,000, zimo kwenu; chukueni humo mlipe mzee 68,000, zinazobaki ni zangu. Akavua miwani. Akanieleza kwa upole kabisa, kama mwalimu anayemweleza mtoto aliyekosa hesabu nyepesi. Jalada la kwanza lina muuzaji na mnunuzi wake, na mnunuzi huyo ni mimi. Kabla kampuni haijatoa hata senti moja katika jalada hilo, kanuni za Texas zinataka fedha zote za kutolewa ziwe zimeingia, tena ziwe fedha za uhakika. Fedha zilizo katika jalada la pili ni za mtu mwingine, zimeletwa ili anunue kutoka kwa mwenye hati, na asubuhi ile mwenye hati hakuwa mimi. Zaidi ya hayo, mnunuzi wangu alikuwa amekopa sehemu ya fedha zake, na mkopeshaji alileta maagizo ya maandishi kwamba zisitumike kwa mauzo mengine yoyote.

Nikasema, "Lakini nilipopiga simu mliniambia mnafanya kila wiki." Akasema, "Tunafanya kila wiki. Kila mtu anakuja na fedha zake."

Ndugu zangu, mkataba ulikuwa unakwisha Ijumaa. Katika siku tatu dereva wa lori hapati dola 68,000. Nilikwenda kwa mzee Jumatano jioni. Alikuwa amekwisha kufunga vyombo. Sahani amezizungushia magazeti, picha za marehemu mkewe zimetolewa ukutani, zimeacha alama nyeupe. Alikuwa amekodi gari la kuhamia kwa dada yake Beaumont. Nikamwambia. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama mnunuzi wangu angelipa kiasi gani, nami nikamwambia: 84,000. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema nimwachie arbuni yake. Kwa mkataba ilikuwa haki yake, na hata isingekuwa, nisingebishana. Hivyo ndivyo dola zenu 4,000 zilivyokwenda. Baadaye nilisikia alimuuzia jirani kwa 81,000. Habari hiyo ilinikondesha, ingawa kwa upande wake nilifurahi.

Sasa nije kwenye kutafuta, maana wamo vijana humu walionipigia simu wakitaka kuanza biashara hii kule Dallas na Columbus. Majira yale ya baridi, kila nilipoegesha lori kupumzika, nilipiga simu. Niliandika kampuni 19. Sikuuliza tena kama wanafanya. Niliomba kuzungumza na ofisa wa amana mwenyewe, si mapokezi, nikamweleza yote: nanunua asubuhi, nauza mchana, mnunuzi analipa taslimu, mimi nitakuja na fedha za mkopo wa siku moja, je, mtachukua majalada yote mawili, na mdhamini wenu anakubali? Neno la mdhamini ndilo linalofungua mlango. Kampuni nyingi za hati ni mawakala. Nyuma yao zipo kampuni kubwa za bima ya hati, kama Stewart yenye makao yake Houston kwetu, au First American. Tangu balaa la mikopo ya nyumba la 2008, wadhamini hutazama kwa jicho kali nyumba inayouzwa mara mbili kwa siku, kwa kuwa wapo waliopandisha bei kwa njia hiyo wakaibia benki. Wakala anaweza kukupenda na mdhamini wake akakataa. Na wakala anayejua kazi hakasiriki ukimwuliza; anayebabaika, mwage kwaheri.

Kampuni 11 zilikataa moja kwa moja. Tano zilikubali iwapo nitaleta fedha zangu au za mkopo. Mbili zilisema zinaweza kutumia fedha za mnunuzi wa mwisho ikiwa pande zote, pamoja na mdhamini, zinajua na zimeandika. Moja ilisema haina shida yoyote, niwatumie arbuni leo hii kwa benki, nambari ya akaunti hii hapa. Nikatazama leseni yao. Katika Texas maofisa wa amana hupewa leseni na idara ya bima ya jimbo, na mtu yeyote anaweza kutafuta jina. Hao hawakuwamo. Ndugu zangu, kiranja wa bweni asiyejulikana na mwalimu wa zamu ataula mkate wote.

Na hata kampuni ikiwa halali, wezi huingia katikati. Wanasoma barua za kompyuta, kisha siku mbili kabla ya mauzo wanakuandikia kwa jina la ofisa wako kwamba akaunti imebadilika. Watu wamepoteza nyumba nzima hivyo. Mimi sitoi fedha mpaka nimempigia ofisa kwa nambari niliyoichukua mwenyewe ofisini kwake siku ya kwanza. Vilevile naomba barua ya mdhamini ya kunikinga, ambayo kwa masharti yake husema kwamba wakala akikimbia na fedha, mdhamini atawajibika. Wengi hawaiombi kwa sababu hawajui kwamba ipo.

Juu ya gharama sitawachosha. Texas bei ya bima ya hati imepangwa na jimbo, kwa hiyo usipoteze muda kuzunguka ukitafuta rahisi; kinachotofautiana ni ada ya kushika amana na ada ndogondogo, nawe unazilipa mara mbili kwa kuwa majalada ni mawili. Bahati yetu hatuna kodi ya kuhamisha hati. Florida wanatoza senti 70 kwa kila dola 100 katika sehemu kubwa ya jimbo, na Pennsylvania asilimia moja ya jimbo kabla ya sehemu ya miji. Huko mauzo mawili ni kodi mara mbili, na cha juu kidogo humezwa chote. Georgia, South Carolina na Massachusetts mauzo husimamiwa na mawakili, kwa hiyo anayetafutwa ni wakili. California wana kampuni za amana pekee, zenye leseni yake. Yaani kitabu cha Houston hakisomeki kila mahali.

Tena angalieni mnunuzi wenu. Akija na mkopo unaodhaminiwa na serikali, ule wa FHA, mkopo huo hautolewi kwa nyumba ambayo muuzaji ameimiliki chini ya siku 90. Wewe utakuwa umeimiliki saa mbili. Na sheria za biashara yenyewe zinabana kila mwaka. Texas tangu 2017 anayeuza mkataba lazima amwambie mnunuzi kwamba anauza mkataba tu, si nyumba. Illinois tangu 2019 anayefanya zaidi ya mara moja katika miezi 12 anatakiwa kuwa na leseni. South Carolina mwaka 2024 wakaibana zaidi ya hapo. Kwa hiyo mtu asichukue maneno yangu ya leo akayatumia baada ya miaka mitano bila kuuliza.

Nilipata nyumba ya pili mwishoni mwa 2020, upande wa Fifth Ward. Mwenye nyumba alikuwa mama mmoja muuguzi aliyerithi kwa shangazi yake. Safari hii kabla ya kutia sahihi nilimwandikia karatasi: nanunua kwako kwa 74,000 nikikusudia kuiuza siku hiyohiyo kwa faida. Mwanangu aliniambia naharibu biashara. Kwa kweli mmoja kabla yake nilimwonyesha karatasi hiyohiyo akanifungia mlango. Mama huyu aliisoma mara mbili, akauliza kama atapata fedha zake zote siku moja bila kutengeneza chochote, nikasema ndiyo, akatia sahihi.

Kampuni ilikuwa mojawapo ya zile tano. Mkopeshaji wa siku moja alituma 74,000 moja kwa moja katika jalada la kwanza, mimi sikuzigusa. Saa nne na nusu hati ikawa yangu. Ndugu Mwenyekiti, kwa muda wa saa moja na robo nilikuwa mwenye nyumba katika jiji la Houston, na nilitumia muda huo wote nikinywa kahawa ya bure katika chumba cha kungojea. (Kicheko na makofi.) Kisha nikauza kwa 88,500. Hati zote mbili zilipelekwa kuandikishwa kwa karani wa wilaya ya Harris kwa mfuatano, ya kwanza kabla ya pili. Mkopeshaji alichukua asilimia mbili, yaani dola 1,480. Ada za majalada yote mawili zilikuwa 2,900. Nikabakiwa na 10,120, na kabla ya kodi ya mapato nikatenga 5,000 zenu.

Wapo wanaoniuliza kama haya yanaweza kufanyika hapa nyumbani. Sina hakika tunayahitaji. Hapa ardhi ni ya umma, tunayo hati ya kuitumia tu, uhamishaji una vibali vyake, na mara nyingi anayeshika fedha ni wakili. Cha juu tayari tunacho tele. Kingenifurahisha zaidi kuona mtu anayeuza kiwanja Kibaha asihesabu noti juu ya boneti ya gari, bali aziache kwa mtu wa tatu mpaka hati ijulikane ni ya nani. Lakini hayo wawaulize mawakili wetu waliokaa safu ya pili. Wamekuja bure leo. (Kicheko.)

Karatasi za hesabu za nyumba zote mbili nimezileta, pamoja na mkataba wa yule mzee na stakabadhi ya arbuni. Nakala amepewa Mweka Hazina, na atakayetaka kuzisoma anazo. Fungu la dola 1,000 bado liko kwangu, la mwenzetu wa tano, yule aliyekuwa golikipa wetu. Mara ya mwisho tulizungumza akiwa Muscat, na nambari niliyo nayo haipatikani tena. Anayejua aliko anione wakati wa chai.